Matembezi ya taratibu katika msitu wa kale: Amani, Arabuko-Sokoke, Kakamega au Kaya Kinondo?

Mtu akiniambia anatafuta msitu wa kale wa kutembelea, simuulizi kwanza ana siku ngapi wala ana gari gani. Namuuliza habari za magoti yake. Msitu wa namna hiyo hauna njia ya saruji. Mizizi imetanda, majani yaliyooza yameficha mashimo, na jiwe lenye unyevunyevu halijali mzee wala kijana. Ukipata msitu ambao miguu yako inaumudu, baada ya robo saa utaisahau miguu na kuanza kutazama juu. Ukikosea, utarudi nyumbani ukiwa umeviona viatu vyako tu.

Hilo nililijua kwa mjomba wangu. Nilimpandisha Usambara siku moja baada ya mvua, yeye na mkongojo wake, na kwa saa nzima hakuinua kichwa. Mwaka uliofuata nikampeleka kwenye msitu tambarare wa pwani. Huko alinitangulia, na kila mara alikuwa akinisubiri chini ya mti fulani akiwa na swali.

Ninaposema matembezi ya taratibu nina maana ya kilomita 3 kwa saa 2 hivi, unasimama kila unapoitwa na kitu. Kwa mwendo huo nalinganisha hapa misitu minne ambayo watu huniuliza waanze na upi: Amani huko Tanga, Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, Kakamega magharibi mwa Kenya, na Kaya Kinondo kusini ya Diani. Yote ni ya kale, ila ukale wao haufanani, na hapo ndipo uchaguzi unapoanzia.

Mambo ninayoyapima

Ninatazama mambo matano. La kwanza ni ukale wenyewe: je, msitu umesimama kwa miaka isiyohesabika kwa sababu ya mvua na milima, au umesimama kwa sababu kuna watu walioukataza shoka? La pili ni miguu, yaani miinuko, utelezi na urefu wa njia. La tatu ni hewa: joto, ukungu, mvua. La nne, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kile ambacho msitu humwonyesha mtu asiye na haraka. La tano ni kufika, pamoja na habari za mwelekezi.

Viingilio sikuviweka kwenye mizani. Raia na mgeni hulipa viwango tofauti, na viwango hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari na ubebe kitambulisho.

Amani

Ukale. Kwa umri, huu ndio mzee wa wote. Amani iko Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kwenye mlolongo wa milima unaoitwa Tao la Mashariki. Upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiileta mvua kwenye miteremko hii hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, na wanasayansi wanakadiria kwamba misitu ya milima hii imedumu kwa miaka kama milioni 30. Huo ni muda wa kutosha kwa chura, kinyonga na ua kuwa wa sehemu hizi za Afrika Mashariki peke yake. Mfano unaojulikana zaidi ni Saintpaulia, mmea mdogo wa maua ya zambarau. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliikuta mimea hiyo huku na kutuma mbegu kwao. Leo vizazi vyake vimejaa madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaoimwagilia maji hawajui kwamba asili yake ni Tanga.

Mkono wa mwanadamu nao umo, tena unaonekana. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia. Mmoja wa miti iliyoletwa, musizi, umesambaa ndani ya msitu wa asili, hasa mahali ambapo miti mikubwa ilikatwa. Usione aibu kumwomba mwelekezi akufundishe kuutambua. Ukishaujua, utaanza kuona mwenyewe wapi msitu ni wa kale kweli na wapi kidonda kimefunikwa tu na kijani. Eneo hili limekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na lina ukubwa wa hekta 8,380.

Miguu. Huu ndio mgumu kati ya minne. Njia hupanda na kushuka, na udongo ukilowa hugeuka sabuni. Kuna nafuu lakini: unaweza kufuata barabara inayokatiza msituni, au kuzunguka kwenye bustani ya mimea, na bado ukawa chini ya miti mirefu. Kilima cha Mbomole ni cha mwenye pumzi na siku isiyo na mvua.

Hewa. Ubaridi, ukungu wa asubuhi, matone yanayodondoka kutoka kwenye majani hata wakati hakuna mvua. Hakuna mwezi unaoweza kuuapia kwamba utakuwa mkavu. Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba ndipo penye nafuu, na masika ya Machi hadi Mei ni ya kuepukwa.

Kwa asiye na haraka. Tafuta mwamba wenye kivuli kando ya kijito, uchutame. Majani ya Saintpaulia yamejibana kwenye ufa wa jiwe, yana vinyweleo laini kama ngozi ya sikio la mtoto, na juu yake limesimama ua moja la zambarau hafifu lenye vichembe viwili vya manjano katikati. Anayetembea kwa mwendo wa kawaida hulipita bila kujua. Kisha rudi usiku na tochi pamoja na mwelekezi. Kinyonga aliyelala kwenye ncha ya tawi hupauka, na mwanga ukimgusa huonekana kama karatasi nyeupe iliyoachwa mtini. Katika matembezi ya nusu saa unaweza kuona usiku vinyonga wengi kuliko uliowatafuta mchana kutwa.

Kufika. Kutoka Muheza ni zaidi ya kilomita 30 za barabara yenye kona na mashimo, na wakati wa mvua gari dogo hupata taabu. Panga kulala. Kwenda na kurudi siku moja ni kuunyima msitu huu asubuhi na usiku wake, ambazo ndizo saa zake nzuri.

Unamfaa anayependa mimea na viumbe vidogo, mwenye magoti mazima na siku mbili au tatu za kukaa. Haumfai mwenye ratiba ya kukimbizana.

Arabuko-Sokoke

Ukale. Zamani misitu ya pwani ilitanda kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Arabuko-Sokoke ndicho kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki, kilomita za mraba kama 420. Uzuri wake umeandikwa kwenye udongo. Upande wa mashariki una msitu mchanganyiko wenye miti ya kila namna. Katikati, kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, imesimama miti iitwayo mirihi, imeachana, jua linafika chini. Magharibi udongo ni mwekundu, na hapo vichaka vya Cynometra vimesongamana kiasi kwamba ukitoka nje ya njia hatua tano hujui ulikotoka. Kwa asubuhi moja unapita misitu mitatu bila kupanda hata ngazi moja.

Jirani yake kuna magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. Nashauri kila mtu aunganishe mambo haya mawili. Ndani ya Gede utaona mti umekalia ukuta wa msikiti, mizizi yake imemwagika juu ya mawe kama nta ya mshumaa. Ni msitu uliorudi juu ya nyumba za watu. Ukiingia Arabuko-Sokoke baada ya hapo, unautazama kwa macho mengine.

Miguu. Tambarare. Mjomba wangu ni shahidi. Angalizo ni mchanga mweupe wa kwenye mirihi, ambao huchosha vifundo vya miguu kwa wasiouzoea. Tembea pale ulipopigwa na matairi, pamekaza.

Hewa. Joto, na halina huruma. Uwe umeshaingia saa 12 na nusu asubuhi. Ikifika saa 4 ndege wamenyamaza na wewe unatafuta kivuli. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu si mengi. Mbu na kupe wapo, kwa hiyo suruali ndefu.

Kwa asiye na haraka. Hapa thawabu ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, na sehemu ya nyuma yenye manyoya ya manjano kama aliyekalia rangi mbichi. Sange hulala kwenye kiota cha majani chini kabisa, na kila mmoja huwa na viota kadhaa anavyobadilisha, ili adui asijue amelala wapi leo. Lundo la majani makavu lililokaa vizuri kupita kiasi, huenda ni nyumba. Simama. Kama hakuna anayenong'ona, baada ya dakika chache utasikia chakarachakara, kisha kimya, kisha chakarachakara karibu zaidi.

Wapenda ndege huja kwa ajili ya wawili hasa. Mmoja ni kwera wa Clarke, anayeishi Arabuko-Sokoke na msitu wa Dakatcha ulio jirani na kwingine hapatikani. Mwingine ni bundi mdogo wa Sokoke, anayeenea kwenye kiganja cha mtu mzima na kushinda mchana kutwa ameganda kwenye kichaka cha udongo mwekundu, wa rangi ileile ya majani makavu. Peke yako utampita mara mia.

Kufika. Rahisi kuliko yote: lango la Gede liko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Malindi, na matatu hupita siku nzima. Ila usiingie ndani bila mwelekezi. Tembo wamo, na kichaka kikisongamana humwoni hadi awe mbele yako.

Unamfaa mzee, mwenye magoti mabovu, mpenda ndege, na familia iliyo likizoni Watamu au Malindi inayoweza kuamka alfajiri. Asiyestahimili joto asijidanganye.

Kakamega

Ukale. Huu ni msitu wa mvua, kipande cha mashariki kabisa cha misitu iliyounganika na ile ya Kongo na Guinea, na nchini Kenya hakuna mwingine wa aina yake wenye ukubwa huu. Ndani yake wamo ndege, vipepeo na nyoka ambao jamaa zao wa karibu wako Uganda na Kongo. Umezungukwa na mashamba na vijiji vilivyojaa watu, na makovu yake ni ya wazi: mahandaki ya wachimba dhahabu waliofurika huku miaka ya 1930, na magome yaliyobanduliwa kwenye mwiritsa, mti ambao gome lake ni dawa ya tezi dume.

Miguu. Wastani. Njia nyingi ni pana na za kivuli, miinuko ni midogo isipokuwa ukiamua kupanda kilima cha Lirhanda upande wa Isecheno au kilima cha Buyangu upande wa kaskazini. Vyote viwili hupandika polepole.

Hewa. Uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni laini. Mvua hupenda kuja alasiri. Tembea asubuhi, na saa 8 uwe karibu na paa la nyumba. Desemba hadi Februari ndio miezi mikavu zaidi.

Kwa asiye na haraka. Maisha ya huku yako juu kwenye matawi. Mbega hukaa kwa makundi, mikia meupe ikining'inia kama pazia, na hondohondo wakiruka utasikia mabawa yao kabla hujawaona. Tafuta mkuyu ulioubana mti mwingine hadi ukaoza ndani yake. Pahali pengine unaweza kuingia kichwa na kutazama juu kwenye uwazi ule, kama ndani ya bomba la moshi. Ukipanda Lirhanda kabla ya jua kuchomoza utaona ukungu umelala juu ya miti, na msitu ukianza kupiga kelele chini yake.

Kufika. Kutoka Kisumu ni mwendo wa asubuhi moja. Kuna milango miwili, na wageni wengi huichanganya: Buyangu, kaskazini, ni hifadhi ya taifa chini ya shirika la wanyamapori, Isecheno, kusini, iko chini ya shirika la huduma za misitu, na huko waelekezi wengi ni vijana wa vijiji vya jirani wanaoijua miti kwa majina ya Kiluhya.

Unamfaa anayetoka upande wa Nairobi, Eldoret au Kisumu, watoto wa shule wanaopenda nyani, na yeyote anayetaka msitu mnene usio na joto la pwani.

Kaya Kinondo

Ukale. Hapa ukale ni wa watu. Kaya ni makazi ya asili ya Wamijikenda, yaliyojengwa katikati ya misitu kuanzia karne ya 16, wakati walipowakimbia maadui wakaihama nchi ya kaskazini iitwayo Shungwaya, kwa masimulizi yao. Watu walihama kaya hatua kwa hatua, lakini misitu ikabaki, kwa sababu makaburi ya wazee yamo humo, na fingo, kinga ya jamii, imezikwa humo. Wazee wakaukataza upanga. Pwani ilipokwisha kukatwa kwa ajili ya mashamba na hoteli, kilichosalia kusimama ni kile kilichoogopwa na kuheshimiwa. UNESCO iliziingiza kaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na Kinondo, kaya ya Wadigo, ni mojawapo.

Miguu. Ni msitu mdogo, hekta 30 tu hivi, na mzunguko wake humalizika kwa saa moja hadi mbili. Hakuna mlima. Chini ni mwamba wa matumbawe uliotoboka na mizizi iliyofumana juu yake, hivyo ndala hazifai. Mwenye mkongojo anaweza, akishikwa mkono mahali pawili patatu.

Hewa. Joto la pwani, lakini kivuli ni kizito na bahari iko karibu, upepo wake unapenya.

Kwa asiye na haraka. Kabla ya kuingia utafungwa kaniki kiunoni. Kofia unavua. Wapenzi hawabusiani ndani. Huvunji tawi, huokoti jani wala jiwe, na mahali pengine utaambiwa uweke simu mfukoni. Nimewaona watu wakiingia na nyuso za kukereka kwa masharti hayo, na nusu saa baadaye wanazungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Masharti yanafanya kazi ambayo katika misitu mingine lazima uifanye mwenyewe: yanakupunguza mwendo. Mwelekezi atasimama kwenye mti baada ya mti, akueleze huu ni wa homa, huu wa tumbo la mtoto, huu hatuugusi. Ukifika kwenye mti mkubwa utaombwa uukumbatie. Ukumbatie kweli, shavu kwenye gome, mpaka usikie ubaridi wake.

Hapa si pahali pa kuja kuhesabu wanyama. Mbega unaweza kuwaona, vipepeo pia, lakini mwenye orodha ya ndege mkononi ataona amenyimwa.

Kufika. Kutoka Diani ni safari fupi kwa bodaboda au tuktuk. Huingii bila mwelekezi wa kaya, na hilo halina mjadala. Ukimkuta mzee langoni, msalimie kwanza, mengine baadaye.

Unamfaa anayependa simulizi na dawa za mitishamba, mwenye muda mchache, na mzazi anayetaka mtoto wa miaka kumi ajue kwa nini babu zake waliacha miti isimame. Mtoto mdogo asiyetulia, msubirie akue.

Uchague kwa hali yako

Kama una nusu siku tu na uko pwani ya kusini, nenda Kinondo. Kama uko pwani ya kaskazini, amka mapema kwa Arabuko-Sokoke na umalizie Gede jua likishakuwa kali, maana kivuli cha magofu ni kizuri.

Kama unasafiri na mzee, pima kati ya Arabuko-Sokoke na Kakamega kwa kumuuliza jambo moja: kinachomtesa ni magoti au ni joto? Mwenye magoti mabovu aende Arabuko-Sokoke, mwenye presha au asiyestahimili jua aende Kakamega na abaki kwenye njia pana za Isecheno.

Kama ni Aprili au Mei na huwezi kuahirisha, Amani iache. Mchanga wa Arabuko-Sokoke hunywa maji haraka, na mvua ya asubuhi haikuzuii kutembea mchana.

Kama umechoka na mji na unachotaka ni ukimya, Amani, usiku mitatu, bila kupanga chochote kwa siku ya kwanza. Kama unataka msitu wenye sauti, Kakamega.

Na kama umekwama kati ya Amani na Arabuko-Sokoke kwa sababu ya ndege, fahamu kwamba bundi mdogo wa Sokoke anaishi pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Ila Arabuko-Sokoke waelekezi wanavijua vichaka anavyoshinda mchana, na hupita kukagua kabla hujafika. Piga simu jana yake, uwaambie unamtaka yeye hasa.